Mshtarii imetoka mpira mweupe, Zohali inachemka, miezi haipo: mtafute mchawi hapa kabla hujashika bisibisi

Darubini yangu ni ya kioo, milimita 150, ya kusukuma kwa mkono, naiweka uani hapa Dodoma, na kila msimu wa sayari ukifika watu wananitumia picha wakiuliza darubini zao zina ubovu gani. Nikiziangalia vizuri, mara nyingi darubini haina ubovu wowote. Mchawi yuko kwenye simu, au kwenye fokasi, au kwenye ukuta wa tofali uliopigwa jua mchana kutwa na sasa unatema joto lake mbele ya lenzi. Kwa hiyo nimepanga hapa kwa dalili, yaani unachokiona kwenye picha, halafu sababu kuanzia ile inayowapata wengi hadi ile ya nadra, na naomba sana ufuate mpangilio huo maana vitu vingi vimeharibika mikononi mwa watu waliorukia ya mwisho wakati ya kwanza ilikuwa inatosha.

Ila kwanza jua. Zuhura na Utaridi hazikai mbali na jua, kwa hiyo watu wanaanza kuzitafuta mapema, jua bado lipo. Usifanye hivyo. Subiri lizame lote ndo uifunue darubini, na ukipiga alfajiri funika kabla halijachomoza, na usisahau kafuniko ka ile darubini ndogo ya kulengea, na yenyewe inaunguza. Jicho likiungua ndani halisikii maumivu, utajua baadaye ukishapoteza uoni. Vile vichujio vidogo vya jua vya kufunga kwenye lenzi ya jicho, ile unayochungulia, tupa kabisa, vinapasuka kwa joto. Watoto wakiwepo, darubini isibaki nje peke yake mchana hata dakika tano.

SAYARI NI MPIRA MWEUPE, HAINA MISTARI

Hii ndo namba moja, hasa kwa wanaotumia simu. Simu inaona anga jeusi tupu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga mpaka Mshtarii inaungua. Gusa sayari kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu shusha mwanga kwa kidole mpaka uone ile mikanda miwili ya kahawia. Kama simu ina hali ya kitaalamu tumia hiyo: ISO 100 au 200, spidi 1/60 hadi 1/125 kwa Mshtarii, na kwa Zohali anzia 1/30 hivi kwa sababu iko mbali zaidi na jua na mwanga wake ni hafifu. Zima hali ya usiku na zima flashi.

Ukishashusha na bado ni nyeupe, angalia kama unashika simu kwa mkono. Mkono unatikisika, mistari inafutika. Adapta ya kufunga simu kwenye lenzi ya jicho haina bei kubwa na inabadilisha kila kitu, na kama huna, tumia kitufe cha kuhesabu sekunde 3 ili kidole kisiguse simu wakati inapiga.

Kwenye kamera za sayari zinazochomekwa kwenye laptopu tatizo ni lilelile ila dawa ni histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye programu ya kurekodia, isivuke robo tatu. Mimi naiacha kati ya asilimia 50 na 70. Eksposha, yaani muda kamera inaopokea mwanga, ya milisekunde 10 kwa Mshtarii ni pa kuanzia pazuri.

Na kuna jambo la matarajio. Mshtarii ikiwa karibu nasi upana wake ni kama sekunde 45 za tao (nyuzi moja ya pembe ina dakika 60 za tao, na dakika moja ya tao ina sekunde 60), ambayo ni sawa na sarafu ya milimita 25 ukiitazama ukiwa umbali wa mita 115. Kwa hiyo kupata mpira mdogo wenye mistari miwili kwa simu, jamani hayo ni mafanikio.

SKRINI NYEUSI, SAYARI HAIPO KABISA

Kwa jicho ulikuwa unaiona, umetoa lenzi ya jicho umeweka kamera, giza. Kwanza fokasi: kamera haifokasi mahali palepale pa lenzi ya jicho, na sayari ikiwa nje sana ya fokasi inatawanyika mpaka haionekani. Ongeza geini (kamera inavyokuza mwanga) mpaka mwisho, eksposha nusu sekunde, zungusha fokasa, ile sehemu inayoingia na kutoka ili kufokasi, taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wake, na ukiona duara kubwa la kijivu limepita umeshafika.

Kama hamna duara, basi sayari haimo kwenye uwanja, yaani kile kipande cha anga ambacho kamera inakiona. Sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, ukilenga pembeni kidogo tu umeikosa. Darubini ndogo ya kulengea uiweke sawa jioni jua likishazama ila kukiwa bado na mwanga, ukitumia mnara wa simu ulio mbali, mbali kweli kweli, kilomita moja na zaidi. Halafu usiku rudisha lenzi ya jicho, weka sayari katikati kabisa, ndo ubadilishe uweke kamera bila kusukuma bomba.

Bado? Hapo inawezekana fokasa yako haiwezi kuingia ndani vya kutosha, hili lipo sana kwenye darubini fupi za kioo. Lenzi ya Barlow, ile ya kuongeza ukuzaji inayokaa kabla ya kamera, mara nyingi inaliondoa tatizo hilo palepale. Kuna watu wanasogeza kioo kikuu mbele au kukata bomba, wakuu, hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani kama hujawahi kufungua darubini.

PICHA INACHEMKA, HAINA UKALI

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa na kuuza darubini nzuri.

Mchawi wa kwanza ni fokasi yenyewe, tena hata kwa watu wazoefu. Usifokasi kwa Mshtarii moja kwa moja, ukingo wake ni laini. Sogeza kwenye mwezi mmojawapo wa Mshtarii au nyota ya karibu, fokasi mpaka kiwe kinukta kidogo kuliko vyote, kisha rudi. Bana kibanio cha nguo cha mbao kwenye kitasa cha fokasa, unapata mkono mrefu wa kuzungusha kidogo kidogo bila bomba kutikisika. Na rudia fokasi kila baada ya nusu saa maana bomba linapopoa linasinyaa kidogo na fokasi inahama.

Wa pili ni joto la darubini. Imetoka chumbani ina joto la chumbani, hewa ndani ya bomba inapanda na kuzunguka, na picha inacheza kama kitu kilicho chini ya maji ya mto. Itoe nje saa nzima kabla. Kujua kama ndo tatizo, chukua nyota angavu, toa fokasi mpaka iwe duara kubwa, utazame ndani ya lile duara: ukiona mawimbi yanapanda polepole kutoka upande mmoja, kama moshi wa ubani, hilo ni joto la bomba lako. Yakiwa yanapita mbio yote kuelekea upande mmoja, hiyo ni hewa ya juu huko na huna la kuifanya. Jaribio hili linachukua dakika moja na linakwambia usubiri au ukalale.

Wa tatu ni ulipoiweka. Sakafu ya zege na ukuta wa tofali vinashika joto mpaka usiku wa manane, lami ndo usiseme. Weka kwenye udongo au majani. Angalia pia sayari inapita juu ya nini: jiko la mkaa la jirani, au ile mashine ya nje ya kiyoyozi kama uko Dar. Mimi nilihangaika wiki mbili na Zohali mpaka nikagundua kila nikianza kupiga saa mbili usiku inakuwa juu ya banda tunalopikia. Nikahamisha darubini hatua kumi na tano kwenda upande wa mwembe, picha ikatulia usiku uleule.

Wa nne, sayari iko chini mno. Ikiwa karibu na upeo wa macho unaitazama kupitia hewa nene. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati kubwa hapa, sayari zinapita juu sana, mtu wa Uingereza anapiga Mshtarii ikiwa imeinama kusini miaka kadhaa mfululizo wakati kwetu ipo juu. Subiri ivuke nyuzi 40 juu ya upeo, ikifika 60 ndo uhondo.

Wa tano ni ukuzaji uliopitiliza. Umeweka lenzi ya milimita 4 na Barlow mara 3 juu yake, unapata ukungu mkubwa. Kwa kamera kuna hesabu rahisi: chukua ukubwa wa pikseli kwa maikromita, zidisha kwa 5, hiyo ndo namba ya f ya kulenga (urefu wa fokasi wa darubini ukigawanywa kwa upana wake). Pikseli za 2.9 zinataka kama f/14.5. Darubini ya f/8 ikiwekewa Barlow mara 2 inafika f/16, inatosha kabisa, ukizidisha hapo unagawa mwanga tu.

Wa mwisho, na nimesema wa mwisho, ni vioo kutokaa sawa. Rudi kwenye ile nyota uliyoitoa fokasi: kivuli cheusi cha katikati kiwe katikati ya duara. Kikiwa kimeegemea upande mmoja hata baada ya darubini kupoa, ndo unagusa skrubu za nyuma za kioo kikuu, robo mzunguko kwa wakati mmoja, mwenzio anazungusha wewe unatazama, na baada ya kila mguso rudisha nyota katikati. Ukitumia kifaa cha leza kupangia vioo usitazame mwanga wake wala ule unaorudi kupitia mdomo wa bomba.

Simama hapa: usilegeze skrubu ya katikati ya kioo kidogo kama bomba limesimama wima, kioo kikianguka kinamkuta mwenzake chini na una hasara mbili. Na darubini zenye kioo cha kupitisha mwanga mbele, zile fupi nene, usifungue ile pete ya mbele, kioo kile kimefungwa kwa mkao wake kiwandani. Hiyo mpelekee fundi wa lenzi anayejua.

Nisemalo kuhusu vumbi nalisema kwa uchungu. Dodoma vumbi lipo, na mwaka wangu wa kwanza nilipoona kioo kina vumbi nilidhani ndo sababu ya ukungu, nikafuta kwa fulana safi ya pamba. Mpaka leo nikimulika tochi kwa pembeni naona mistari myembamba kama nywele, imezunguka kufuata mkono wangu ulivyokuwa unazunguka. Na picha haikubadilika hata kidogo. Vumbi la kawaida haliharibu picha ya sayari, liache.

UPANDE MMOJA MWEKUNDU, MWINGINE BLUU

Kama sayari iko chini, hewa ndiyo inapasua mwanga kama upinde wa mvua, subiri ipande au linganisha rangi tatu kwenye programu baadaye, RegiStax ina kitufe cha kazi hiyo. Kama iko juu na kuna zambarau pande zote, hiyo ni darubini ya lenzi ya bei ya kawaida, ndivyo ilivyo, kichujio cha njano kinasaidia kidogo. Na kama unatumia kamera ya rangi na kila kitu kimekaa kiwekundu chenye ukungu, huenda kamera haina kichujio cha kuzuia infraredi, ule mwanga ambao jicho halioni, kinunue, ni kioo kidogo cha duara kinachofungwa puani pa kamera.

SAYARI INAKIMBIA AU INATIKISIKA

Bila mota anga linasogea sekunde 15 za tao kila sekunde moja, kwa hiyo uwanja wa dakika 5 za tao unavukwa kwa sekunde 20. Hilo si kosa. Weka sayari ukingoni, anza kurekodi, iache ipite, rudisha, rudia mara kumi. Programu ya PIPP itaiweka katikati kwenye kila fremu, yaani kila picha moja ya video, halafu fremu hizo zinachanganywa kuwa picha moja. Picha zangu zote nazipata hivi.

Wenye mota, angalia kwanza swichi ya N na S (kaskazini na kusini) kwenye kidhibiti. Darubini nyingi zinakuja zimewekwa N, na ukiwa Tanzania mota inazunguka kinyume, sayari inakimbia kwa kasi mara mbili ya kawaida, mtu anadhani mota imekufa.

Halafu ni ule mkao wa stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake unaelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zinaonekana kupazunguka. Kwetu ncha ya anga iko chini kabisa: Nairobi nyuzi moja na kidogo juu ya upeo, Dodoma sita, na stendi nyingi hazishuki hadi huko, ule uzito wa kusawazisha unagonga mguu. Watu wanaweka tofali chini ya mguu mmoja ili stendi iinamie. Inafanya kazi lakini ikizidi kidogo yote inaanguka, sasa kama huwezi kuisukuma kidogo kwa kidole ikabaki imesimama, acha, irudishe chini, upige kwa mtindo wa kuiacha ipite.

Na sayari ikiwa juu ya kichwa, kama Zohali ya 2026 kwetu, darubini ya kusukuma kwa mkono inagoma, kila ukisukuma inazunguka bure. Piga kama dakika tisini kabla au baada ya hapo.

Simama hapa: mota isiyowaka isikufanye uchomeke adapta yoyote yenye ncha inayoingia. Soma volti na alama ya chanya na hasi kwanza. Ukisikia harufu ya kuungua chomoa, usijaribu tena, peleka kwa fundi wa elektroniki.

MIEZI HAIPO, AU IMEKUWA MISTARI

Kosa la kwanza ni zuri kulijua: eksposha inayoonyesha mikanda ya Mshtarii ni fupi mno kwa miezi. Piga mara mbili, moja ya sayari, moja ndefu mpaka Mshtarii iungue na miezi itokee, halafu unganisha. Hamna udanganyifu hapo.

Pili, umekata uwanja ili fremu ziende haraka, na miezi imebaki nje. Callisto, mmojawapo wa miezi ya Mshtarii, inaweza kusogea mpaka dakika 10 za tao kutoka Mshtarii. Titan ya Zohali inafika zaidi ya 3.

Tatu, mwezi kweli haupo. Io, mwezi mwingine wa Mshtarii, inamaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu tu, kwa hiyo inaingia nyuma ya Mshtarii, inapita mbele, inazama kwenye kivuli, kila siku mbili. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, weka mahali ulipo na saa, itakuonyesha. Galileo mwenyewe, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, Januari 1610 alikuwa anahesabu vinukta vinabadilika usiku hadi usiku, kwa hiyo ukiona vitatu badala ya vinne umeona alichokiona.

Mistari sasa. Io inakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Ukirekodi dakika 3 imeshasogea karibu upana wake wote, na programu inayolinganisha fremu kwa kufuata Mshtarii itaivuta iwe uzi. Mshtarii yenyewe inajizungusha kwa saa 9 na dakika 56, madoa yanahama. Usizidishe dakika 2 kwa darubini ya milimita 200, kwa 130 hata 3 sawa. Ukitaka zaidi, programu ya WinJUPOS inazungusha video kadhaa ziingiane.

Kundi moja na hili ni “Zohali yangu haina pete”. Machi 2025 pete zilitugeukia kwa ukingo, zikawa mstari mwembamba usioonekana, na mwaka ule wote zilibaki nyembamba. Watu walirudisha darubini dukani kwa hilo. Zinafunguka taratibu mwaka hadi mwaka. Na Mirihi ikiwa kidude kidogo cha chungwa kisicho na kitu, angalia tarehe: inatukaribia kila miezi 26 hivi, inayofuata ni Februari 2027, nje ya hapo inasinyaa mpaka sekunde 4 za tao.

BAADA YA KUCHANGANYA FREMU, PICHA MBAYA KULIKO VIDEO

Pete pete kama kitunguu ndani ya sayari: umenoa kupita kiasi, au ulirekodi kwa mwanga mdogo mno. Rudisha vitelezi vya kunoa nyuma, acha kuangalia dakika kumi, rudi na macho mapya. Kwenye AutoStakkert, programu ya kuchanganya fremu, chagua robo ya fremu bora badala ya zote, fremu mbovu zikiingia nyingi zinaburuta nzuri.

Picha ina viraka vidogo vya mraba, rangi ya kijani: mpangilio wa rangi wa kamera umesomwa vibaya, badilisha kati ya RGGB na GRBG na wenzake mpaka itulie, hakuna kilichoharibika.

Duara jeusi la vumbi lisilohama: zungusha kamera. Duara likizunguka na picha ya anga, liko kwenye Barlow au mbele zaidi. Likibaki palepale kwenye fremu, liko kwenye kioo cha sensa. Puliza kwa mpira wa kupulizia, sio mdomo, mate yanaganda. Likigoma kutoka baada ya kupuliza mara tatu, mpe fundi wa kamera.

KILA KITU KIMEFIFIA GHAFLA KATIKATI YA USIKU

Umande. Tanga, Unguja, Mombasa hili ni la kila siku. Mulika lenzi kwa pembeni utaona. Usifute. Funika mdomo wa bomba, ingiza ndani, iache ikauke yenyewe, au tumia kikaushio cha nywele kwa joto la chini kutoka mbali. Kesho yake kata kipande cha godoro jembamba la mazoezi, kizungushe mdomoni pa bomba kitokeze mbele mara moja na nusu ya upana wake.

Ila ukungu ukibaki mchana, na ukiumulika unaona nyuzi nyeupe zimetawanyika kama mizizi, hiyo ni kuvu, imeingia kwa sababu darubini ilifungwa kwenye sanduku ikiwa na unyevu. Kuvu inakula mipako ya lenzi. Usipake spiriti wala dawa ya kioo cha gari. Itenge na lenzi zako nyingine usiku huohuo na uipeleke kwa fundi wa kamera au wa miwani anayefungua lenzi, mapema, kabla mizizi haijafika katikati.